Umekwama kwenye kozi? Namna ya kumfuata lekchara, na nani wa kuanza naye kabla yake

Pita korido ya idara yoyote kwenye zile wiki nne tano za mwanzo wa muhula, saa zilezile ambazo zimebandikwa mlangoni kwamba ni muda wa kuonana na wanafunzi, utamkuta lekchara kakaa peke yake anajibu imeili zake. Alafu pita tena wiki moja kabla ya pepa. Foleni mpaka kwenye ngazi, kila mtu ana daftari mkononi na wote wana swali moja, "Dokta mi sijaelewa kuanzia mwanzo". Sasa hapo hata awe malaika, kwa dakika nne zako atakusaidia nini?

Msaada chuoni upo mwingi kuliko watu wanavyodhani, ila unaenda kwa anayejua kuuomba, na hakuna kipindi kwenye ratiba kinachofundisha kuomba, yani watu wanachukulia kwamba ukishafika chuo unajua tu. Ukiniuliza siri kubwa ni ipi ntakuambia hii: usiende kusema hujaelewa, nenda ukaonyeshe ulipokwama. Mengine yote nitakayoandika hapa chini yanatoka hapo.

Kabla hujamsumbua mtu soma autilaini

Ile karatasi ya kozi mnayopewa siku ya kwanza, ambayo nusu ya darasa hawaifungui mpaka muhula unaisha, ndo ina majibu ya maswali mengi yanayowaudhi walimu. Jina la lekchara na ofisi yake ilipo, siku na saa za kumuona, kama anataka imeili au anataka muandikiane kwenye mfumo wa masomo wa chuo, asaimenti zina uzito gani na testi uzito gani, ukichelewesha kazi unakatwa vipi. Ukienda kumuuliza mtu "eti testi ya kwanza ni lini" na imeandikwa ukurasa wa kwanza, umetumia nafasi yako vibaya na yeye amekuweka kwenye kundi la wasiosoma, na kutoka kwenye hilo kundi sio rahisi. Ipige picha ikae kwenye simu.

Kuna kipande kimoja humo nataka ukisome mara mbili, kile kinachosema mnaruhusiwa kusaidiana kiasi gani. Kozi zinatofautiana sana hapa. Kuna ambayo mnajadili pamoja ila kila mtu anaandika kivyake, kuna ambayo hata kujadili marufuku, na kuna zinazosema wazi programu za akili bandia unaweza kutumia kwa jambo gani na kwa lipi huwezi. Ukienda kutafuta msaada bila kujua mpaka uko wapi unaweza ukarudi na kesi ya udanganyifu wakati wewe ulikuwa unatafuta tu kuelewa.

Nani ni nani

Watu wengi wakisikia "nenda kaombe msaada" wanamuwaza profesa tu, wanaogopa, wanabaki hostel. Wakati profesa mara nyingi ndo mtu wa tatu au wa nne kwenye mstari.

Wa kwanza ni wenzako. Grupu la diskasheni la watu watatu wanne ambao wanasoma kweli linamaliza maswali mengi sana, sharti lake ni kwamba msikae kukopiana majibu. Na kitu ambacho mnakwama wote kama grupu ni swali zuri mno la kupeleka mbele, maana lekchara akisikia "tumekaa wanne na wote tumeshindwa hapa" anajua tatizo liko kwenye maelezo yake au kwenye swali lenyewe, na mara nyingi atalirudia darasani. Mambo ya ratiba kugongana, vipindi kuhamishwa, au slaidi kutopandishwa, hayo mpe CR, yani kiongozi wa darasa, ndo kazi aliyochaguliwa.

Wa pili ni TA, yani mwalimu msaidizi wa kozi. Kuna huu ugonjwa wa kumdharau TA kwa sababu eti naye ni mwanafunzi au kamaliza juzi. Mi naona hiyo ndo sifa yake kubwa. Hiyo kozi kaifanya si muda mrefu, bado anakumbuka panapouma, alafu kwenye kozi nyingi yeye ndo anasahihisha kazi zako kwa hiyo anajua wanafunzi wanapoteza maksi wapi. Semina zake zina watu wachache, unaweza ukauliza swali bila macho mia mbili kukugeukia. Mtu anayekwepa semina alafu anamfuata profesa kumuuliza kitu kilichofanywa kwenye semina anajulikana mara moja.

Wa tatu ndo lekchara mwenyewe, huyu mpelekee yale ya ndani ya somo: dhana ambayo TA kakueleza bado haijaingia, swali la mbele zaidi ya kozi, ushauri wa project, kutoelewana kuhusu maksi baada ya kuongea na aliyesahihisha. Kama kozi ina walimu wawili watatu kuna mmoja anayeitwa mratibu, mambo ya kozi nzima kama kuahirishiwa testi yako ni ya kwake.

Pembeni yao kuna watu ambao hawatajwi sana. Fundi wa maabara, huyu anajua kile kifaa kinachokusumbua kuliko hata aliyeandika mwongozo wa jaribio. Mkutubi, wengi wanadhani kazi yake ni kugonga mihuri wakati ukimwambia mada yako anaweza akakuonyesha ndani ya nusu saa namna ya kutafuta makala ambazo wewe umezitafuta wiki nzima. Mshauri wako wa masomo, ambaye ulipangiwa mwaka wa kwanza na hujawahi kumuona, huyo ni wa kuchagua kozi, kubadili kozi, kufikiria kuahirisha mwaka. Na sekretari wa idara jamani, msalimie vizuri siku zote, yeye ndo anajua profesa yuko nchini au hayupo.

Kwa nini anaeleza na bado huelewi

Hii nataka niikalie kidogo maana ndo inawafanya watu wakate tamaa, wanaenda mara moja, wanaelezwa, wanatoka wamechanganyikiwa zaidi, wanasema mi nadhani sina akili.

Mwaka 1990 pale chuo cha Stanford, Marekani, kulikuwa na mwanafunzi wa uzamivu anaitwa Elizabeth Newton, akafanya jaribio la kuchekesha. Akawagawa watu wawili wawili, mmoja anapiga mdundo wa wimbo unaojulikana kwa kugonga kidole mezani, mwenzake akisie ni wimbo gani. Waliokuwa wanagonga walitabiri wenzao watapatia kama nusu ya nyimbo. Zilipigwa nyimbo 120, zilizopatiwa ni 3. Yani 2.5%. Kwa sababu anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake, na anayesikiliza anasikia ngo, ngo-ngo, ngo.

Lekchara wako amefundisha hiyo kozi miaka mingapi? Ule wimbo anao kichwani muda wote. Hajui wewe ni noti gani hujaisikia, na hawezi kujua kwa kukuangalia usoni, na ukimwambia "sijaelewa topiki ya tatu" atafanya kitu pekee anachoweza, ataigonga tena kama alivyoigonga darasani. Kwa hiyo kazi ya kuonyesha pengo liko wapi ni ya kwako, na ukiifanya hiyo kazi vizuri hata mwalimu mbovu anaweza kukusaidia.

Jinsi ya kutengeneza swali

Jipe kwanza nusu saa mpaka saa zima ya kupambana nalo kwa dhati, na uandike kila ulichojaribu hata kama unajua ni upuuzi. Hayo makaratasi ya upuuzi ndo mali yako ya siku hiyo, usiyatupe, usiyanakili upya yawe safi. Mwalimu akiona ulipokata anaona ulipopotea.

Tuchukue hesabu. Mwanafunzi wa kwanza anaingia anasema "nimeshindwa swali la nne". Wa pili anasema "swali la nne ni integresheni ya x² mara e^x, nimefanya kwa sehemu, nikachukua u kuwa x², lakini nikimaliza bado x imebaki ndani, sijui narudia tena au nilichagua u vibaya". Huyu wa pili anajibiwa kwa sekunde kumi, rudia tena, uko sawa, ile x² imeshashuka ikawa x na ukirudia itaisha. Na mwalimu ana dakika tisa zilizobaki za kumuonyesha kwa nini imeshuka. Wa kwanza atasolviwa swali zima ubaoni, atatikisa kichwa, ataondoka, na la tano likija ni yaleyale.

Kwenye programu ukipata erori usipige picha skrini kwa simu ikiwa imekaa upande, kopi maneno ya erori yote kama yalivyo, kuanzia mstari wa kwanza. Alafu punguza kodi yako (ile "code" uliyoandika), futa visivyohusika kimoja kimoja mpaka ibaki ndogo kabisa ambayo bado inaleta lile kosa. Sema ulitegemea itoe nini na imetoa nini. Nakuambia ukweli mara nyingi ukiwa katikati ya kupunguza utaliona kosa mwenyewe na safari ya ofisini itaishia hapo.

Masomo ya kuandika insha yana shida yake nyingine, watu wanabeba kurasa kumi na mbili wanasema "naomba unipitishie macho". Hakuna mtu ana muda huo na hata akiwa nao atakurekebishia vituo na mkato. Beba swali lenyewe, hoja yako kuu kwa sentensi mbili, na aya moja ambayo huiamini. Uliza: je hii hoja inajibu swali lililoulizwa? Hiyo aya inabeba hoja au inasimulia tu? Ukipata majibu ya hayo mawili insha nzima unaweza kuirekebisha mwenyewe.

Ripoti za maabara beba namba mbichi na daftari lako la maabara, sio grafu iliyokwisha kupambwa. Kosa linaweza kuwa lilitokea pale ulipokuwa unasoma kipimo, na grafu hailionyeshi.

Na kama kweli kabisa huelewi chochote, ipo hiyo hali, usione aibu, ila hata hapo kuna namna. Chukua slaidi au notsi za topiki, anza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka ufike ule wa mwisho ambao ungeweza kumueleza mwenzako bila kuangalia. Ukurasa unaofuata hapo ndo swali lako. Saa nyingine utajikuta umerudi mpaka kozi ya mwaka jana, basi sema hivyohivyo, "nadhani tatizo langu ni logarithimu za mwaka wa kwanza", mwalimu atakuelekeza usome nini na atakuheshimu kwa hilo.

Imeili

Tumia akaunti ya chuo, zile za majina ya utani ulizofungua sekondari nyingine zinaishia kwenye takataka. Kichwa cha imeili kiwe na namba ya kozi na jambo lenyewe, kwa sababu huyo mtu anafundisha kozi mbili tatu na "Habari" au "Msaada" haimwambii kitu. Mfano tu:

Kichwa: MT 201, asaimenti ya 2 swali la 4

"Habari za asubuhi Dokta. Naitwa (jina kamili), mwaka wa pili, namba ya usajili (namba), niko kundi B la semina. Kwenye swali la 4 nimefanya integresheni kwa sehemu mara moja na bado x imebaki, nimeambatanisha picha ya kazi yangu. Niliuliza kwenye semina ya Jumanne lakini sikuelewa tunajuaje ni wapi pa kuacha. Naomba kama itawezekana nije muda wako wa kuonana na wanafunzi Alhamisi, nahitaji kama dakika kumi. Ahsante sana."

Basi, imeisha. Hakuna hadithi ndefu, hakuna "samahani kwa usumbufu" mara tano, hakuna "naomba unisaidie mzazi wangu". Ana jina lako, anajua wewe ni nani, ameona ulichofanya, anajua unataka nini na itachukua muda gani. Kama hujui cheo chake angalia tovuti ya idara, profesa ukimuita dokta wengine hawajali na wengine watakumbuka mpaka umalize, bora uwe sahihi.

Akikaa kimya subiri siku mbili tatu za kazi, alafu jibu juu ya imeili yako ileile kwa mstari mmoja wa kumkumbusha. Usianzishe mpya, usimtumie TA na mratibu na mkuu wa idara kila mmoja kivyake, wakikutana kwenye chumba cha walimu wakagundua wote wanatatua swali lako moja umejiharibia. Kumpigia simu usiku au kumtumia ujumbe wa WhatsApp ni mpaka yeye mwenyewe awe amesema inaruhusiwa, hata kama namba yake iko kwenye grupu la darasa.

Ukifika mlangoni

Gonga, msalimie, alafu moja kwa moja: jina, kozi, "nina maswali mawili". Usitegemee anakukumbuka sura. Kama unatetemeka soma kwenye karatasi, hakuna anayekukataza kusoma swali lako. Unaweza pia kwenda na mwenzako mmoja mwenye tatizo hilohilo, inapunguza woga na mkitoka mnakumbushana alichosema, lakini msiende saba.

Kuna wanaoogopa kwamba wanamsumbua. Ule muda umewekwa kwa ajili yako na ni sehemu ya kazi anayolipwa. Huko Bologna, Italia, chuo ambacho kwa kawaida kinahesabiwa kilianza mwaka 1088, zamani zile wanafunzi ndo walikuwa wanawaajiri walimu, na mwalimu akichelewa kipindi anapigwa faini! Sikwambii ukafanye hivyo.

Akianza kukuuliza wewe maswali badala ya kukujibu, usipanik, sio mtihani. Anatafuta ile noti uliyoikosa. Jibu unachofikiria hata kama ni kibovu, "nadhani ni hivi ila sina uhakika" ni jibu linalomsaidia sana. Kinachomnyima kazi ni ukimya na kile kitikisa kichwa cha "ndio, ndio, nimeelewa Dokta" ambacho sote tunakijua. Ukitikisa kichwa wakati hujaelewa umemfukuza wewe mwenyewe mtu aliyetaka kukusaidia.

Akimaliza kueleza fanya mambo mawili. Mrudishie kwa maneno yako, "kwa hiyo naendelea kurudia mpaka x iishe, sio?" Alafu omba ufanye hatua inayofuata palepale mbele yake. Hii ya pili watu hawaifanyi kabisa na ndo yenye faida kuliko zote. Mwaka 1984 mtafiti wa elimu Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake binafsi, huku akipimwa na kurekebishwa kila hatua, alifika kiwango cha kuwazidi 98% ya waliosoma kwenye darasa la kawaida. Tafiti za baadae hazikupata tofauti kubwa kiasi hicho, zilipata ndogo zaidi, ila kwamba kusoma na mtu anayekurekebisha palepale kunasaidia hilo limeonekana tena na tena. Sasa we una mtu wa hivyo kwa dakika kumi bure kabisa alafu unazitumia kumsikiliza tu? Mpe nafasi akuone unakosea.

Andika. Kama ni ubaoni omba upige picha kwanza. Na ukiona wenzako wako nje wanasubiri na swali lako la pili ni refu, uliza unaweza kurudi lini.

Kama mnaonana mtandaoni ni yaleyale, ila fungua mafaili yako kabla hujaingia na ujaribu kushare skrini na mtu mwingine kwanza. Nusu ya muda wa vikao hivyo inaliwa na "Dokta unaniona? unanisikia?"

Maksi, na kuomba kuongezewa muda

Umepewa karatasi yako na damu imechemka. Usiende siku hiyo. Lala, kesho yake soma maoni yaliyoandikwa pembeni na kama kuna makingi skimu (mwongozo wa kusahihishia) ilinganishe na ulichoandika, mstari kwa mstari. Kosa la kujumlisha maksi au ukurasa uliorukwa linarekebishwa kwa dakika moja na hakuna mtu atakasirika. Kama ni kutokubaliana, andika kwa ufupi: swali la 2 sehemu ya b, niliandika hivi, skimu inataka hivi, naona ni sawa kwa sababu hii. Anza na aliyesahihisha. Usiburute karatasi ya rafiki yako kwamba "yeye kapewa", unaweza ukamshushia maksi rafiki. Na ujue kwamba vyuo vingi kazi ikisahihishwa upya maksi zinaweza kushuka pia, kwa hiyo uwe na hoja kweli. "Naomba uniongezee mbili nifike B" sio hoja. Rufaa rasmi zina siku zake, zikipita zimepita, angalia kwenye kanuni za mitihani mapema.

Kuomba kuongezewa muda kuna sheria moja tu, omba kabla dedilaini haijafika. Ukiomba siku tatu kabla, ukasema umefika wapi, ukaambatanisha cheti cha hospitali kama ni ugonjwa, ukataja tarehe ambayo utaweza kumaliza, uwezekano ni mkubwa. Ukiomba usiku wa saa tano na dedilaini ni saa sita, jibu unalijua. Kama ni jambo zito, msiba, ugonjwa wa muda mrefu, akili imechoka mpaka huwezi kuamka, usizunguke kwa kila lekchara mmoja mmoja kusimulia upya. Nenda kwa mshauri wa masomo au ofisi ya mlezi wa wanafunzi, wao wanaandika barua moja inayowafikia wote, na huna haja ya kumwambia kila mtu mambo yako ya ndani. Wenye ulemavu au hali yoyote inayohitaji muda zaidi kwenye mtihani hii ofisi waione mwanzoni mwa muhula, kabla ya wiki ya mtihani.

Wakikugomea, au wakitaka kingine

Wapo wasiokuwepo ofisini saa walizoandika wenyewe, na wapo wanaojibu kwa kukukejeli. Weka kumbukumbu: tarehe, ulienda lini, imeili ulituma lini. Mpe CR aulize kama wengine wamekutana na hilohilo, maana darasa zima likilalamika kupitia CR kwa mratibu inasikika tofauti na wewe mmoja. Baada ya mratibu ni mkuu wa idara. Panda ngazi kwa mpangilio na kwa maandishi, bila matusi, matusi yanageuza kesi ikawa yako.

Na kuna hili lazima lisemwe. Lekchara akikuambia mkutane hotelini au nyumbani kwake usiku kuhusu maksi zako, akianza kugusia pesa au mwili wako, hapo hakuna suala la adabu ya imeili tena. Usiende. Usifute ujumbe wowote, piga picha za skrini, mwambie mtu unayemuamini siku hiyohiyo, na upeleke kwenye dawati la chuo linaloshughulikia unyanyasaji au kwa mlezi wa wanafunzi, au serikali ya wanafunzi ikusindikize. Mikutano yote ya kawaida iwe ofisini, saa za kazi, na ukijisikia vibaya nenda na mtu. Hilo halihitaji maelezo kwa yeyote.

Baada ya hapo

Ukisaidiwa na ikafanya kazi mwambie. Imeili ya mistari miwili, "nilirudia kama ulivyosema, imetoka, na la tano nimelifanya mwenyewe". Walimu wanapata malalamiko mengi na hizi chache, na utakaporudi na swali lingine atakuwa anakujua kwa jina na atajua unafanyia kazi unachoambiwa.

Hii inakuja kulipa pale utakapohitaji barua ya mapendekezo ya kazi au ya kuendelea na masomo. Mtu anayekujua kwa namba ya usajili tu ataandika kwamba ulihudhuria na ulipata A, na hilo hata transkripti inasema. Aliyekuona ukipambana na swali mezani kwake ana kitu cha kuandika. Muombe wiki tatu nne kabla, muulize kwanza kama anaweza kukuandikia barua nzuri, akisitasita mshukuru utafute mwingine. Akikubali mtumie kwa imeili moja kila kitu: unaomba nini na wapi, kozi zake ulizosoma na mwaka, project uliyofanya, CV, dedilaini na barua inatumwa vipi. Na jina lako liandike lote kama lilivyo kwenye vyeti, maana barua ikitoka na majina mawili wakati cheti kina matatu itabidi umrudie, na siku hiyo ndo sekretari atakuambia kasafiri.